Sampuli Kumi na Nane

Friza ya maabara haikufunguka kwa mkono. Ilitaka bega, kisha goti, kisha tusi dogo la chinichini, na saa moja na robo asubuhi ile Darubini aliipa vyote vitatu kwa mpigo. Mlango ukaachia. Akachungulia, akaikuta trei yake palepale alipoiacha jana: vijichupa kumi na vinane, kimoja kimoja hakizidi kifuniko cha kalamu, na ndani yake vinasaba alivyovikamua kutoka kwenye vinyesi vya watoto kumi na wanane wa chini ya miaka miwili.

"Haya, wanangu," akaviambia. "Leo ni leo. Asemaye kesho mwongo."

Jina la Darubini alipewa na manesi, kwa sababu ya miwani yake minene, na kwa sababu alikuwa na tabia ya kuinamia kitu mpaka chenyewe kione haya. Alikuwa mtaalamu wa maabara wa mkataba katika hospitali ile ya umma, mwaka wa sita sasa, akihuishwa kila baada ya miezi sita kama leseni.

Kwa wiki sita watoto walikuwa wakiharisha na kutapika. Arobaini na mmoja walipita wodi ya watoto, wawili hawakurudi makwao. Kile kipimo cha haraka, cha kijiti kinachotoa mistari miwili, kilisema ni kirusi cha rota, na hapo wengi waliona kazi imekwisha. Kirusi kimejulikana, sasa atafutwe wa kulaumiwa. Bwana afya hakuchelewa kumpata. Nyuma ya kiwanda cha nguo palikuwa na mwanamke anayewalelea watoto wa wafanyakazi wa kiwandani, na wanne kati ya watoto wake walikuwa wameugua. Juzi bwana afya alikwenda na kufuli na karatasi, akakifunga kituo chake.

Mwanamke huyo alikuwa wifi yake Darubini, dada mkubwa wa mumewe. Na asubuhi ile, Darubini alipogeuka na trei yake mkononi, alimwona ameketi kwenye benchi nje ya mlango wa maabara, mkoba mapajani, kama mgonjwa aliyekuja kuchukua majibu.

"Wifi! Tangu saa ngapi upo hapo?"

"Tangu mlinzi aliponiruhusu. Nyumbani nitakaaje? Wamebandika HATARI mlangoni kwangu kwa wino mwekundu. Akina mama niliowalelea watoto wao miaka minane wakiniona wanavuka barabara. Saa tano wanakaa kikao. Bwana afya ameniambia jalada linakwenda polisi. Watoto wawili wamekufa, wifi, na wanasema ni mikono yangu."

"Ulikuwa unanawa?"

Wifi alimtazama kama aliyetemewa mate usoni. "Hata wewe?"

"Nakuuliza watakavyokuuliza wao."

"Nilinawa mpaka kucha zikalainika. Maji ninayo, nimechimbiwa kisima. Sabuni ninayo. Uliza yeyote."

Darubini alitamani kumshika bega, lakini mikono ilikuwa na trei, na hata ingekuwa mitupu hakuwa na la kumpa. Alipoanza kazi hii alijua siku itafika watu watasema amempendelea wifi. Kwa hiyo alimwomba Sista wa wodi ya watoto ayafute majina kwenye sampuli zote, abakize namba tu, moja hadi kumi na nane, kwa kufuata tarehe mtoto alipoanza kuharisha. Majina yalikuwa kwenye daftari la Sista, daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Sista, na Sista si mtu wa kuchezewa.

"Siwezi kukuambia kitu," alisema, "kwa sababu bado sijui kitu. Niombee umeme tu."

* * *

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kama rimoti. Ililetwa na watafiti fulani waliokaa wiki mbili, wakapiga picha nyingi, wakaondoka. Kisha ikakaa kabatini, maana vitendanishi, zile dawa zake za kupimia, havikuwahi kuagizwa. Darubini aliomba mabaki kwa rafiki yake wa maabara ya chuo kikuu, akaletewa vichupa vinne ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu. Vilitosha kazi ya mara moja. Ukikosea, umekosea.

Alichanganya polepole, kila sampuli na alama yake ya kuitambulisha, akihesabu matone kwa midomo. Saa mbili kasoro dakika tano alidondosha mchanganyiko kwenye kijitundu cha mashine, akaiunganisha na kompyuta, akabonyeza. Kwenye kioo vikatokea vijidoti mia tano vya kijivu. Kimoja kikageuka kijani. Kisha viwili. Kisha vikaanza kuwaka kama jiko la mkaa lililopulizwa.

"Inasoma!" alipiga kelele peke yake. "Inasoma, mama wee!"

Kwa saa mbili nzima hakukaa. Alisafisha meza iliyokwisha kusafishwa. Alipima damu za wagonjwa wa nje, akajaza vitabu, akarudi kuchungulia. Herufi zilikuwa zikimiminika, maelfu kwa maelfu, na moyo wake ulikuwa unakwenda nazo sambamba. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, ana watoto watatu na goti bovu, lakini asubuhi ile alijiona kama msichana anayesubiri kusomewa matokeo ya mtihani redioni.

Saa nne na dakika kumi taa zikazimika.

Friza ilikoroma mara moja, ikanyamaza. Feni ikapungua mwendo. Kompyuta ilibaki hai, lakini Darubini aliijua betri yake kuliko alivyolijua shinikizo lake la damu: dakika kumi na mbili, siku ya hisani kumi na tatu. Nje jenereta ilianza kunguruma. Jenereta ile iliwasha vyumba vya upasuaji na jengo la utawala. Maabara haikuwamo.

Hakufikiri mara mbili. Aliweka kompyuta kwenye trei, mashine juu yake, waya ukining'inia kama kitovu, akatoka akitembea kwa hatua ndogo ndogo za haraka, kiwiliwili kimetulia, miguu inakimbia.

"Wifi, nifungulie milango!"

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye umeme!"

Wakakatiza uani. Wifi mbele akisukuma watu, "Tupisheni, jamani, tupisheni, ni dharura!" na Darubini nyuma na trei. Watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa waliwapisha bila kuuliza, mmoja akavua kofia kabisa. Dakika tisa. Ngazi nane, akazipanda kwa goti zima huku bovu likimfuata. Dakika saba.

Kwenye chumba cha nje cha ofisi ya mkurugenzi alikaa katibu muhtasi wake, mwanamke mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, aliyeitwa na hospitali nzima Mama Miadi.

"Una miadi?" akauliza bila kuinua uso.

"Nina dakika saba. Soketi iko wapi?"

Mama Miadi aliinua uso. Aliona miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, akaona jasho, akaona ile trei. Bila neno akachomoa birika lake la umeme, akaonyesha ukutani. Darubini akachomeka. Vijidoti vilikuwa bado vinawaka. Akakaa chini sakafuni, miguu mbele, kama mtu aliyeshusha gunia.

"Ni nini hicho?"

"Mashine ya kusoma vinasaba."

"Sasa hivi inasoma nini?"

"Kinyesi."

Mama Miadi alikisogeza kikombe chake cha chai upande wa pili wa meza. Kisha udadisi ukamshinda, akainama. "Inakisomaje? Kinaandikwa?"

"Kila kirusi kina maandishi yake," Darubini alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na ile furaha ya mtu aliyekaa na jambo peke yake muda mrefu. "Hiki cha rota kina vipande kumi na moja. Mimi nasoma kimoja tu, kile cha ganda la nje. Kirusi kikizaa kinanakili herufi zake, na anayenakili mbiombio hukosea. Kosa la mzazi analirithi mtoto, na mjukuu. Kwa hiyo nikikuta watoto wawili wana makosa yaleyale, najua virusi vyao vimetoka tumbo moja. Wakitofautiana sana, basi hawajuani hata kwa salamu."

"Kama pua ya kwetu," alisema Mama Miadi, akiigusa yake. "Hata umkute ng'ambo, ukiiona tu, huyo wetu."

"Ndiyo hiyo hiyo!"

Saa tano ilipofika, nyuma ya mlango wa mbao sauti za kikao zikaanza. Wifi alisimama kwenye kona, mkoba kifuani, akiisikiliza sauti ya bwana afya ikisema "uzembe" na "mfano kwa wengine".

* * *

Saa tano na dakika ishirini mashine ilikuwa imetosheka. Darubini aliiamuru kompyuta izipange zile herufi, ilinganishe, ichore mti wa ukoo. Mstari ukajivuta kwenye kioo taratibu, ukasimama, ukajivuta tena. Mama Miadi alikuwa amepiga magoti pembeni yake, kilemba kimelegea.

Mti ukatokea.

Ulikuwa na matawi mawili, na yalikuwa mbalimbali kama mbingu na ardhi. Tawi moja lilibeba sampuli kumi na nne zilizobanana kama ndizi kwenye chane, nyingine hazipishani hata herufi moja. Tawi la pili lilikuwa na nne tu: mbili, saba, kumi na moja, kumi na sita.

Darubini alivuta simu ya mezani bila kuomba, akapiga wodini.

"Sista, ni mimi. Nisomee daftari."

"Ngoja nifute mikono, nimetoka kubadilisha mtoto." Kukawa na sauti ya karatasi. "Maji yenyewe hakuna, nafuta kwa shuka. Haya, sema."

"Namba mbili."

"Mbili… kituo cha malezi."

"Saba."

"Kituo."

"Kumi na moja. Kumi na sita."

"Kituo. Na kituo. Ni hao wanne tu niliowaandika kutoka kule."

Darubini alifumba macho. Alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye masikio. "Waliofariki ni namba ngapi?"

Sista hakuhitaji daftari. "Tano na kumi na tatu."

Wote wawili walikuwa kwenye lile tawi kubwa.

"Namba moja ni nani? Aliyetangulia wote?"

"Yule wa mguu uliovunjika. Alilazwa na mguu tu, alikuwa anacheka. Siku ya tisa ndipo akaanza kuharisha."

"Alikuwa ametoka kwenda nje?"

"Atoke vipi na plasta mpaka kiunoni?"

"Sikiliza sasa. Ukiwatoa wale wanne, hao kumi na wanne waliobaki, wangapi waliletwa kwa ajili ya kuharisha?"

Kurasa zikageuzwa. "Watano. Tisa walikuja na mambo mengine: malaria, kifua, wa kuungua uji."

"Na hao watano?"

"Watatu nilikuwa nimewaruhusu wiki iliyotangulia, wakarudi. Wawili…" Sauti ikapungua. "Wawili ni wadogo zao wa wale niliowaruhusu."

Nyuma ya Sista mtoto alikuwa analia, na mwingine akamwitikia.

"Darubini."

"Naam, dada."

"Ni sisi."

"Ni bomba, Sista. Bomba lenu limekauka tangu lini?"

"Wiki ya saba hii. Nimeandika barua tatu."

"Zilete. Lete na daftari."

Darubini alishusha simu. Alitaka kusema kwa utulivu, kitaalamu, lakini alipomgeukia wifi yake maneno yalimtoka kama mtoto aliyeona mwezi. "Si wewe! Wifi, si wewe! Watoto wako wana kirusi kingine kabisa, kile cha kila mwaka. Hakijamgusa hata mmoja wa wale wawili!"

Wifi hakulia wala hakushangilia. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua viatu, akaiweka miguu yake mitupu sakafuni. "Rudia," alisema.

Akarudia.

Mama Miadi alikuwa ameshasimama, amekaza kilemba. Aliufungua mlango wa mbao bila kubisha, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Mkurugenzi, samahani. Mtu wa maabara ana miadi."

"Miadi ya lini?"

"Ya sasa hivi."

* * *

Ndani walikuwa watu watano kwenye meza ndefu. Mkurugenzi alikaa mwanzoni mwa meza. Kulia kwake bwana afya na jalada. Mwishoni kabisa, karibu na dirisha, mwakilishi wa wananchi, fundi cherehani aliyekuja na futi ya kitambaa bado shingoni.

Darubini aliweka kompyuta juu ya meza, akawaeleza. Hakupoteza dakika tano. Sista alipoingia akihema, daftari likawekwa kando ya mti, namba kwa namba.

"Huyu mshtakiwa ni wifi yako," alisema mkurugenzi.

"Ndiyo. Ndiyo maana majina alikaa nayo Sista."

"Lakini wale wanne waliharisha!" Bwana afya alipiga jalada kwa kiganja. "Niliwaona kwa macho yangu."

"Waliharisha. Wakanywa maji ya chumvi na sukari, na leo wote wanne wako majumbani wanavunja vikombe. Kilichoua ni hiki kingine. Kilikotoka mwanzo kabisa sijui, pengine kiliingia na mgeni. Ninachojua kimelelewa humu humu, wodini kwetu."

Fundi cherehani alikohoa. "Samahani, mimi sikusoma sana. Wodi hiyo ina maji?"

"Kuna changamoto," alisema mkurugenzi.

"Changamoto ni ndiyo au ni hapana?"

Sista alizipanga zile barua tatu mezani, moja kando ya nyingine. Kila moja ilikuwa na mhuri wa kupokelewa.

Mkurugenzi hakuzigusa. Alimtazama Darubini kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kutisha. "Umefanya kazi nzuri. Lakini haya ni matokeo ya awali. Utaandika ripoti, useme chanzo cha mlipuko hakijathibitika. Itawalinda wote, hata wifi yako."

"Nikisema hivyo, wodi inabaki ilivyo."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi, mkurugenzi."

"Sawa. Nilitaka kujua tu."

Ajabu ni kwamba furaha haikumtoka Darubini. Ule mti ulikuwa pale kwenye kioo, na hakuna mkubwa aliyeweza kulibembeleza tawi moja lihamie kwa jingine.

"Nitaandika nilichokisoma," alisema. "Nakala nitampa Sista, na mwakilishi wa wananchi, na huyo aliyefungiwa mlango. Mwenye mashine nyingine asome upya."

"Nakala yangu niandikie kwa herufi kubwa," alisema fundi cherehani.

Kikao kikaahirishwa. Jalada halikwenda polisi siku hiyo. Lakini kufuli, bwana afya alieleza huku akikusanya karatasi, haliwezi kutolewa bila barua, na barua ya kufungua hutoka ngazi ya juu, na ngazi ya juu iko safarini mpaka wiki ijayo, ikiwezekana ile nyingine. Kuhusu maji ya wodi, itaundwa kamati.

* * *

"Kamati," wifi alirudia walipokuwa wakiteremka ngazi. Alikuwa amevishika viatu mkononi. "Watoto wangapi wamelala mle sasa?"

"Ishirini na wawili," alisema Sista. "Vitanda kumi na viwili."

"Basi twende ukawaambie mama zao."

Darubini hakuwahi kuwahutubia watu. Alisimama katikati ya wodi, katikati ya harufu ile tamu na kali, na akina mama wakamgeukia na watoto wao wamelegea mabegani. Aliwaambia kwa maneno yaleyale aliyomwambia Mama Miadi: makosa ya kurithi, pua za ukoo. Aliwaambia si maziwa yao, si uchafu wa nyumba zao. Aliwaambia kirusi kinapita kutoka kitanda hadi kitanda juu ya mikono isiyo na maji. Mama mmoja kijana, ambaye kwa siku nne alikuwa hasemi na mtu, aliuliza, "Kwa hiyo si mimi?" Darubini akasema si wewe. Yule mama akamlaza mtoto kitandani, akainama, akatoa ndoo uvunguni.

Hakuna aliyejua nani alikuwa wa kwanza kulitaja tangi. Lilikuwa nyuma ya jengo la utawala, la lita elfu mbili, jeusi, limejaa mpaka linatokwa jasho. Walikwenda wote wanaoweza kutembea, na ndoo, na masufuria, na makarai ya kuogea. Sista alibeba madumu mawili. Wifi, aliyekuwa hana mgonjwa mle ndani, alishika bomba na kufungulia.

Mlinzi alikuja mbio. "Jamani! Jamani, haya ni maji ya ofisi!"

"Kwani ofisi inaharisha?" aliuliza yule mama kijana.

Mlinzi akatazama huku na huku, kisha akaanza kuwaelekeza wapite upande wa kivuli wasije wakateleza.

Foleni ikanyooka kutoka tangini hadi wodini, na ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono. Darubini alisimama katikati, koti lake jeupe limelowa mpaka tumboni, miwani imejaa matone, akipokea na kupitisha, akipokea na kupitisha, na kila ndoo ilipomfikia alicheka kama mtu anayetekenywa. Ndani walikuwa wanasugua vitanda. Mwakilishi wa wananchi alikuwa amevua futi yake, ameikunja mfukoni, anafua shuka.

Walipofika kama ndoo ya tisini, tangi likiwa limekaribia kukauka, dirisha la choo cha ofisi likafunguka, kisha likafungwa kwa kishindo. Baada ya muda mfupi mkurugenzi mwenyewe akatokea ngazini, mikono yake ameiinua mbele, imejaa povu la sabuni mpaka kwenye vifundo. Akatazama tangi. Akatazama ndoo.

"Nahitaji kusuuza," alisema hatimaye.

Wifi hakufunga bomba wala hakuinua uso. "Foleni inaanzia kule, baba," alisema, na kwa kidevu akamwonyesha mwisho wake.